Naomba Kuambiwa Kwamba Pastelito Zangu Ni Mbaya

La Vega, Jumatatu

Kwa Licenciada Yokasta Bencosme,
Mkurugenzi, Kituo cha Mafunzo kwa Wajasiriamali Wenye Ulemavu.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ukiwa umeketi. Mimi ni Eleuterio Abréu, yule kipofu wa darasa la Jumanne. Tupo vipofu wanne. Mimi ndiye mnene. Naandika kwa simu inayonisomea kila neno kwa sauti, ujuzi nilioupata kituoni kwenu, na kwa hilo nashukuru kwa dhati. Shukrani zimeishia hapo. Yafuatayo ni malalamiko.

1. Makofi. Siku ya kwanza Mwalimu Fradique aliniuliza nataka kufanya biashara gani. Nikajibu kwamba nataka kukaanga na kuuza pastelito, hizi sambusa zetu za nyama na jibini. Darasa zima likapiga makofi. Mheshimiwa, hata jiko nilikuwa sijaliwasha. Nimeoa mara mbili na sijawahi kushangiliwa namna ile, ingawa kwenye ndoa ya kwanza nilistahili kwa ujasiri.

2. Siku ya kuonja. Unga wangu ulikuwa mgumu kama soli ya kiatu, na nyama ilikuwa nusu mbichi. Naomba isidhaniwe kwamba niliharibu kwa kutoona. Niliharibu kwa uvivu, kama wanavyoharibu wapishi wengi wenye macho yao mawili. Mwalimu Fradique alitafuna muda mrefu, nilikuwa namsikia, kisha akasema, "Kaka Telo, wewe unatutia moyo sote." Nikamuuliza, je, ladha yake? Akajibu, "Nimeonja moyo, kaka. Moyo mtupu." Nawe Mheshimiwa uliomba moja ya kwenda nayo nyumbani. Baadaye mlinzi wenu alinieleza kwamba ulimtupia mbwa wake, na mbwa akaichimbia shimo akaizika. Siku ile ni mbwa peke yake aliyenifanyia tathmini.

3. Nikawaamini. Hapa naomba usicheke. Kwa miaka mingi nimepiga akodiani kwenye harusi na misiba, maana kwetu kipofu akizaliwa hupewa akodiani kabla hajapewa jina. Nilikuwa nimechoka. Kwa nguvu ya makofi yenu nikaiuza, nikanunua jiko na karai, nikapanga kibanda pembeni mwa bustani ya mji. Majirani wakaja, kila mmoja akanunua moja, akasema ananiunga mkono. Hakuna aliyerudi. Wiki iliyofuata nilikaa na mafuta yanayopoa, nikisikiliza watu wakivuka barabara. Mheshimiwa, mtu anayevuka barabara ili asipite kwako ana mwendo wake, nao sikio la kipofu halikosei kuutambua.

Hapo ndipo likanijia jambo ambalo bado linanikosesha raha. Wale wote waliokuwa wakisema akodiani yangu ni kipaji kutoka mbinguni, je, nao walikuwa wanaonja moyo? Sitajua kamwe. Akodiani imeshauzwa, na aliyeinunua anaishi Bonao.

4. Huyu mama Nurys Batista, mshonaji wa darasa letu, ambaye ni kiziwi, nasikitika kuwaarifu kwamba alivunja utaratibu wenu. Alipita kibandani, akanunua, akauma. Akanishika mkono na kuniandikia kiganjani kwa kidole, herufi moja moja: M-B-A-Y-A. Nikasema, bila shaka dada unatania. Yeye husoma midomo vizuri. Akaandika tena: S-A-N-A.

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nijiandikishe mtu kunisemesha kama mfanyabiashara.

Akawa anakuja kila jioni akishafunga cherehani. Nikabadilisha unga, akaandika B-A-D-O. Nikaivisha nyama taratibu kwa kitunguu na oregano, akaandika B-A-D-O. Nikakasirika, nikamwambia akashone. Kesho yake akarudi. Siku moja nikanyoosha kiganja nikangoja, asiandike kitu. Nikadhani ameondoka kwa hasira. Kumbe mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika pastelito.

Sasa wateja wanarudi. Juzi mtu aliniita mwizi kwa sababu nimepandisha bei. Sijawahi kuheshimiwa hivyo mjini hapa.

5. Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa unyenyekevu. Waonjaji wa kituo wawe mama wakwe, wacheza dhumna na watu wanaoumwa meno. Kila muhula angalau mmoja wetu afelishwe, na mimi najitolea kuwa wa kwanza. Ile picha yangu kubwa mliyoitundika mlangoni kwenu yenye maneno "Hakuna lisilowezekana" iondolewe, kwa kuwa pastelito niliyoshika pale ni ileile ya mbwa. Na kama haya ni mazito, basi haki iwe kwa wote: mtu mwenye viungo vyote akifungua mgahawa mbovu mjini, darasa zima lipelekwe kumpigia makofi hadi afilisike.

Nisamehe kwa ukali wangu; tangu niambiwe ukweli nimekuwa mtu mwingine, na ninaamini kwamba mfanyabiashara asiyeweza kuusikia afunge duka. Nisalimie wakufunzi wote, mlinzi, na hasa mbwa.

Wako mtiifu, mwenye karai la moto,
Eleuterio Abréu (Telo)

N.B. Kabla sijaituma barua hii amekuja mwanamke mmoja mgeni kutoka Moca, akaonja mchuzi wangu mpya wa pilipili na kusema unanuka kama dawa ya kikohozi. Nimemwambia hajui kula, hana adabu, na nimekataa kumuuzia. Tangu hapo sijakaanga hata moja. Tafadhali mtume Mwalimu Fradique kesho asubuhi. Aje na darasa zima.