Nyuma Kazi, Mbele Sebule

Kwa heshima na taadhima, Idara ya Barabara inautangazia umma kwamba mashimo yote katika wilaya yetu yamekwisha. Yalianza kwisha siku ya Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, bila kifusi, bila kokoto na bila tone la lami. Yalimalizwa na kiti.

Najua wapo watakaocheka. Watu wa mtaani wana tabia ya kucheka kabla ya kusoma viambatisho. Mimi ndiye niliyekuwa Katibu wa Kamati Teule ya Kuchagua Toleo la Pikapu Lenye Utulivu kwa Matumizi ya Kila Siku Barabarani, na kumbukumbu zote ninazo, zimepigwa mihuri mbele na nyuma.

Kwanza muelewe kipimo. Mwongozo wa Ukaguzi, kifungu cha tisa, unataka kikombe cha chai kijazwe mpaka kibaki kidole kimoja, kiwekwe juu ya dashibodi, kisha gari lipite barabara inayokaguliwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chai ikimwagika nusu, barabara ni mgonjwa, na makao makuu yanaleta greda ndani ya siku thelathini. Isipomwagika, barabara ni nzima. Fomu lazima isainiwe na Mkuu wa Idara humo humo garini, gari likiwa linatembea, ili mtu asije akakaa ofisini na kupika majibu.

Kwa miaka minane tulikagua kwa pikapu ya zamani. Hiyo ukiiwasha tu pale uwanjani, chai imeshafika kwenye kapeti. Barabara zetu zote thelathini na moja zilikuwa wagonjwa, zikapangwa foleni, na kila mwaka greda lilikuja likatibu mbili tatu, likaondoka. Barabara Namba Saba ilisubiri miaka minne. Mwaka huu zamu yake ilifika. Kilichobaki ni kuipima upya tu.

Namba Saba ndiyo anayopita mama mkwe wangu. Anafuga kuku, na mara tatu kwa wiki anapeleka mayai mjini, kwenye jiko la hospitali. Katika kila trei kumi zinazotoka nyumbani kwake, nne zinafika zikiwa zimejipika nusu. Mpishi mkuu wa hospitali alikuwa amemwambia wazi: mwisho wa mwezi ujao, mayai yakiendelea kufika uji, atatafuta mtu mwingine. Mama alikuja kwangu, akakaa kwenye kochi, akakataa hata maji.

"Mkwe wangu," alisema, "mimi sitaki makuu. Nataka yai likitoka yai, lifike yai."

Nikamwahidi. Mama mkwe hajibiwi kwa "tutaangalia".

Lakini wiki hiyo hiyo ndipo mgongo wa Mkuu ulipoingia kwenye ajenda. Mkuu alitueleza, akiwa amesimama kwa sababu kukaa kulikuwa kumemshinda, kwamba mgongo wa kiongozi ni miundombinu. Pikapu ya zamani ilikuwa imeuharibu. Waraka wa magari ya serikali hauruhusu Idara yetu kuwa na gari dogo la kifahari. Unataka pikapu, yenye sehemu ya mizigo nyuma, kama ishara ya uchapakazi. Mkuu hakuwa na ugomvi na nyuma.

"Nyuma iwe kazi," alisema. "Mbele iwe sebule."

Kamati ikaundwa palepale. Mkuu akawa mwenyekiti, mimi katibu. Dereva wetu, ambaye watu wanamwita Gia Tatu kwa sababu barabara zetu hazijawahi kumruhusu kufika ya nne, akawa mtaalamu mwalikwa asiye na haki ya kuongea. Walikuwepo pia wajumbe wawili walio likizo, ambao hawakupinga chochote.

Tulikwenda kwenye duka la magari. Muuzaji, mtu mpole mwenye tai fupi, alitupangia pikapu tatu za aina moja, zinazotofautiana kwa toleo.

La kwanza liliitwa Toleo la Kazi. Sakafu mpira, viti vigumu kama benchi la kituo cha polisi, na springi za nyuma za vyuma vizito vilivyopangwa kubeba saruji. Mkuu aliingia, akaketi, akashuka. Sikupata hata muda wa kuandika.

La pili, Toleo la Porini, lilikuwa limeinuka juu na lina tairi zenye meno makubwa. Tulizunguka nalo kwenye lami. Zile tairi zilivuma kwa namna ambayo Mkuu aliniuliza jambo, nikamjibu jambo lingine, na mpaka leo sijui tulikubaliana nini.

La tatu ni Toleo la Barabara. Springi za nyuma ni za kuviringa, vioo vya tabaka mbili, tairi laini za lami, milango inafungwa kwa sauti ya mtu anayeweka kofia juu ya godoro. Muuzaji alikuwa mkweli, nadhani kwa kukosa uzoefu.

"Bosi, hili ni kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi," alisema. "Lina raha, halina kelele. Ukikaa humu hujui hata uko barabara gani."

"Ndiyo hasa," alisema Mkuu.

Ili kuondoa shaka tulifanya Jaribio la Kelele za Kibinadamu. Wajumbe wanajifungia ndani, mtaalamu mwalikwa anasimama hatua mbili kutoka mlangoni, na kwa dakika tatu anasema lolote alilonalo kuhusu Idara. Katika Toleo la Kazi tulisikia yote, pamoja na habari za likizo yake ya mwaka juzi. Katika Toleo la Barabara tulimwona akifungua mdomo, akinyoosha kidole, akijipiga kifua. Ndani kulikuwa na ukimya wa maktaba.

"Gari lina adabu hili," alisema Mkuu, akampungia mkono.

Gia Tatu aliomba jaribio lirudiwe, kwa uhakika zaidi wa takwimu. Tukamruhusu mara mbili.

Basi Jumanne ile tukaenda kuipima Namba Saba kwa pikapu mpya. Mama mkwe alikuwa anatusubiri mwanzo wa barabara, amevaa kanga safi, ameshika trei moja la mayai thelathini.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mkwe. Naomba na mimi nipime."

Mkuu alikubali, kwa kuwa ushirikishwaji wa wananchi una kisanduku chake kwenye fomu na hakijawahi kujazwa. Trei likawekwa nyuma. Chai ikawekwa mbele. Mama akapewa nafasi kwenye kiti cha nyuma ya dereva, akashika mlango kwa mikono miwili kwa mazoea.

Ndugu msomaji, sijawahi kusafiri namna ile. Mashimo niliyaona kwa macho, moja lina bata ndani anaogelea, lakini mwilini hayakufika. Chai ilitikisika kidogo, kama mtu anayeguna usingizini, ikatulia. Mkuu alilala kuanzia kilomita ya pili hadi ya nne. Nilipomwamsha asaini, aliweka saini nzuri ajabu, imenyooka, na mkia wake wote juu ya mstari. Ilikuwa saa nne na dakika kumi.

Tulipofika mwisho, mama mkwe alishuka akaenda nyuma. Alirudi na trei linadondoka ute. Mayai matatu yalikuwa yamesalimika, na moja kati ya hayo lilikuwa na ufa.

"Baba," alimwambia Mkuu, "chai ilikaa mbele, mayai yalikaa nyuma. Barabara ni moja."

"Mama, yai halijaidhinishwa kama chombo cha kupimia. Mwongozo unasema barabara inapimwa mbele."

"Na sisi wa nyuma?"

"Nyuma ni mzigo, mama."

Mama aligeuka. Aliniangalia mimi. Niliona aibu, nasema kweli, aibu ya mtu aliyekula chakula cha mkwewe miaka sita. Kisha nikaandika "nzima" kwenye kisanduku cha barabara, kwa sababu kalamu ilikuwa tayari mkononi. Jina la Namba Saba likaondolewa kwenye foleni ya greda.

Ufanisi ule ulimpa Mkuu ari. Ndani ya wiki mbili tulipima barabara zote thelathini na moja. Zote zilipona. Hata ile ya machimboni, ambayo watu wanaipita kwa miguu wakiwa wameshikana mikono, ilipona bila kumwaga tone. Mkuu alipeleka ripoti makao makuu akitarajia cheti, na akaagiza fremu mapema.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi. Makao makuu yalisema yamefurahishwa sana, hasa na saini, ambazo unyoofu wake ni ushahidi tosha. Kwa kuwa wilaya isiyo na barabara mbaya haina haja ya Idara ya Barabara, Idara ingevunjwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Pikapu ichukuliwe mara moja, ipelekwe wilaya yenye mashimo. Mkuu aripoti makao makuu kwa usafiri wa kawaida, kupangiwa kazi nyingine. Katibu asubiri maelekezo, ambayo huenda yasije.

Mkuu aliisoma barua hiyo mara tatu. Halafu akaniuliza kama fremu inaweza kurudishwa dukani.

Ijumaa asubuhi pikapu ilikuwa imeshaondoka, kimya kimya, hatukuisikia. Mkuu alitakiwa awahi basi la saa sita mjini. Gari pekee lililokuwa linakwenda huko kwa njia ya Namba Saba lilisimama mbele ya ofisi likitetemeka. Ilikuwa pikapu ya kukodi, Toleo la Kazi, na kwenye usukani alikaa Gia Tatu, ambaye alishapata mwajiri mpya. Mwajiri alikuwa mama mkwe wangu.

Mkuu alifungua mlango wa mbele na sanduku lake mkononi. Kwenye kiti kulikuwa na godoro la mtoto, juu yake trei tano za mayai zilizofungwa mkanda na kuzungushiwa mito. Mama alikuwa amejibana pembeni, mkono mmoja umeyakumbatia.

"Shikamoo, mama," alisema Mkuu. Sijawahi kumsikia akimwamkia mtu kwanza.

"Marahaba, baba. Karibu. Mbele ni mayai. Nyuma ni mzigo."

Tulipanda nyuma, yeye na mimi, nimsindikize. Kabla hatujaondoka, mama alishuka na chupa ya chai. Akamimina kikombe, akabakiza kidole kimoja, akampa Mkuu.

"Shika hapo, baba. Tupime."

"Idara imevunjwa, mama."

"Inavunjwa saa kumi na moja," nikasema mimi. Sijui ulimi ulitoka wapi. "Sasa hivi ni saa nne. Fomu ninayo."

Mkuu aliniangalia kama mtu aliyeumwa na kiatu chake mwenyewe. Gia Tatu akatia gia.

Kwenye shimo la kwanza chai iliondoka yote kwa pamoja, ikakaa kifuani kwa Mkuu. La pili lilichukua kikombe. La tatu, lile la bata, lilimwinua Mkuu hadi tukatazamana yeye akiwa hewani. Na juu ya yote kulikuwa na sauti. Hapakuwa na vioo vya tabaka mbili huku nyuma. Watu wa pembeni walimtambua, na alisikia kila neno, kutoka kwa fundi baiskeli, kutoka kwa mwenye bucha, kutoka kwa bibi mmoja aliyekuwa akitembelea fimbo na bado akatufikia. Wengi walirudia, kwa uhakika zaidi wa takwimu.

"Mwambie apunguze mwendo!" Mkuu alinipigia kelele.

Nikagonga kioo cha dereva. Gia Tatu aligeuka, akaona midomo yetu inavyofunguka na kufumbika, akatupungia mkono.

"Mama!" Mkuu alilia. "Mto! Mto mmoja tu!"

Mama alichungulia dirishani. "Mito ni ya mayai, baba. Kwani barabara si uliipima mwenyewe? Aisifuye mvua imemnyea."

Mkuu alinyoosha mkono. Nilidhani anataka nimshike, kumbe alitaka fomu. Niliandika "mgonjwa mahututi", nikamshikia ubao. Alisaini gari likiwa linatembea, kama mwongozo unavyotaka. Saini ilianzia kwenye mstari, ikapanda mpaka kwenye nembo ya Idara, ikatoka nje ya karatasi, na kumalizikia kwenye suruali yangu. Nimeihifadhi suruali hiyo kama kiambatisho B.

Makao makuu yalipoona saini ile hayakuuliza swali. Greda lilitumwa Jumatatu. Mkuu naye aliandikiwa barua nyingine, aeleze kwa maandishi jinsi barabara nzima ilivyougua mahututi ndani ya siku ishirini na nne, na hadi sasa anaieleza, akiwa amesimama.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Ijumaa ile tulifika mjini, tukasimama mlango wa jiko la hospitali. Mpishi mkuu alitoka na orodha yake, akahesabu trei tano, yai kwa yai, akarudia, akakuna kichwa. Hata moja halikuwa na ufa. Aliagiza mengine kwa wiki iliyofuata.

Mimi nilikuwa namshusha Mkuu, mguu mmoja baada ya mwingine. Mama mkwe alikuja akamshika mkono wa pili, akampangusa chai kifuani kwa ncha ya kanga.

"Pole, baba," alimwambia. "Leo yote yamefika mazima. Umevunjika wewe tu."