Mama Mkwe wa Ndani ya Shaba

Leo nimeaibika, jamani, tena mchana kweupe, kwenye ua wa parokia hapa Likasi. Nawaambia mwenyewe kabla Clarisse hajawaambia.

Clarisse ni mchumba wangu. Jumapili hii wazee wangu wanakwenda kwao kumposa, na mama yake bado hajasema ndiyo wala hapana. Kwao mama mkwe ana heshima yake: humkaribii, humtazami machoni, na kumgusa ni mwiko. Wiki nzima Clarisse ananifundisha. "Ukiona mama, umupishe njia. Hapana kumuangaria mu macho. Urudie nyuma." Nikajizoeza chumbani. (Peke yangu. Nililipisha kabati njia.)

Basi leo nikaenda parokiani kuona kazi ya fundi mmoja wa kuchomelea vyuma. Amesimamisha mabamba ya shaba, ameyang'arisha mpaka unajiona, na kila moja amelipinda kwa namna yake. Juu ameandika: "Huyu njo weye mu dunia ingine," yaani huyu ndiye wewe katika dunia nyingine.

Bamba la kwanza: mimi mrefu, shingo ya twiga. Nikapita. La pili likanisimamisha. Tumbo! Mashavu! Kumbe kuna dunia ambayo mimi ni mkurugenzi wa kiwanda, nina dereva, na mama mkwe ananiandalia kiti mwenyewe! (Katika dunia hii naziba pancha za baiskeli.) Nikampungia mkono.

"Bonjour, Monsieur le Directeur! Bukwe yako iko muzuri?"

Bukwe ni mkwe. Nami nikamwona palepale, ndani ya shaba: mama yake Clarisse, kitenge cha kijani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, ananikazia macho.

Mafunzo yakanijia yote kwa pamoja. Nikakunja magoti kidogo, nikafumbata mikono, nikarudi nyuma hatua moja. Nikachungulia. Amekuwa mkubwa zaidi! (Mwenye akili angejiuliza.) Nikarudi hatua mbili. Mkubwa tena! Mama na kiti chake wananifuata! Nikaongeza mwendo.

Kitu kikanigonga miguuni, nikakaa. Mahali laini.

"Ee Mungu wangu!"

Sauti haikutoka kwenye shaba. Ilitoka kisogoni kwangu.

Ndugu zangu, nilikuwa nimepakatwa na mama mkwe. Nikainua macho: mkurugenzi amepakatwa. Yule wa shingo ndefu naye amepakatwa. Hakuna dunia hata moja ambamo nimeokoka! Wanakwaya waliokuwa mazoezini wakanyamaza, kisha mmoja akaanza kucheka kwa sauti ya besi.

Nikaruka wima, macho chini. Niliogopa kweli. Nikajua Clarisse nimemkosa.

"Weye njo ule wa Clarisse?"

"Ndiyo, mama. Pardon, mama."

"Balisema utakuya ku nyumba siku ya Mungu. Habakusema utaanza kuikala ku mapaja."

Akatengeneza kitenge chake polepole. Midomo ilikuwa inamcheza.

"Siku ya Mungu ulete mbuzi ya haya. Unasikia, bukwe?"

Mbuzi wa kufuta aibu tu, tena ameniita bukwe! Mmesikia? Nilikimbia hadi kwa Clarisse, nikamweleza yote. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akalia kidogo, kwa furaha.

Sasa mtakaonisindikiza Jumapili, nawaomba msicheke. Hata mkiona kioo cha sebuleni kwao kimegeuziwa ukutani. Mama ameshaagiza.