Fremu ya Nne

Jumatatu, 3 Juni

Tangazo jipya kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Nimelisoma mara tatu huku nikijifanya nafunga kamba ya kiatu. Jumamosi ukumbini kutakuwa na hafla ya kuwaenzi "mashujaa wa mtaa wetu waliotutangulia". Yaletwe majina, picha, na maelezo ya tendo la ujasiri au wema. Majina yatachongwa kwenye kibao cha shaba ukutani. Milele!

Waliotutangulia. Yaani walio mbele yetu, sisi wengine tuko nyuma tunakula vumbi. Nikajiuliza ni nani mtaa huu aliye mbele kuliko mimi. Sikumpata.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara atapendekezwa tu, hilo halina mjadala. Mwaka jana alizima moto wa duka la jirani kwa taulo zake mbichi, na mpaka leo ukikaa kwenye kiti chake lazima usikie habari za taulo. Mimi natengeneza fremu za picha mwaka wa kumi na tisa huu. Nimewatundika ukutani watu wote wa mtaa, na hakuna aliyewahi kunitundika mimi.

Fomu nimeijaza mwenyewe. Tendo: kumtoa bibi kizee kwenye mtaro uliofurika. Bibi sina, ila mtaro upo. Mtoa maelezo nimemwita Mpenda Mtaa. Nimeandika jina langu la kitambulisho, maana hapa wote wananiita Fremu, nami nataka Jumamosi washtuke. Picha ni ya zamani, enzi hizo nina nywele. Bahasha imeingia kwenye sanduku lililo chini ya ubao saa tano na nusu.

Jumanne, 4 Juni

Nimo! Katibu wa mtaa, mama wa makamo mwenye miwani minene, amekuja dukani na picha nne za kutia fremu. Ya nne ni mimi. Hakunitambua hata kidogo. Aliitazama picha yangu kwa huzuni, akasema huyu naye alikuwa bado kijana. Nikamjibu kwamba wengi wanasema hivyo.

Anataka kila fremu iwe na utepe mweusi pembeni. Nikashauri wa dhahabu. Akanikodolea macho kana kwamba nimemtukania mama yake. Basi, mweusi. Watu wa ofisi hawajui rangi.

Wenzangu ni watatu. Nesi aliyebaki wodi ya kipindupindu wakati wengine wamekimbia. Mzimamoto aliyerudi ndani ya nyumba inayowaka kumfuata mzee asiyeweza kutembea. Fundi bomba aliyeshuka kwenye chemba ya maji machafu kuwatoa vibarua wenzake wawili walioishiwa hewa. Nimesoma maelezo yao huku nakata mbao. Niliona haya kidogo, kama dakika moja hivi.

Kinyozi hayumo! Nilivuka barabara kumpa pole. Akasema orodha ile yeye hana haraka nayo, akacheka mpaka wembe ukamponyoka. Sizitaki mbichi hizi.

Mke wangu sijamwambia. Ni mtu wa haya kupita kiasi. Kwenye kikao cha ukoo akiulizwa jambo humnong'oneza aliye karibu naye, na huyo ndiye husema. Ataona kwa macho yake Jumamosi.

Jumatano, 5 Juni

Jambo la ajabu. Jana niliziegemeza fremu ukutani kwa mstari, yangu mwisho, upande wa mlango. Leo nimekuta yangu katikati na zile tatu zimeizunguka. Mke wangu ameapa hajatia mguu dukani. Ni panya, bila shaka, japo fremu ina uzito.

Saa sita mchana, jua la utosi, yule nesi wa kwenye picha akaja mwenyewe. Viatu vyeupe, harufu ya dawa ya kusugulia sakafu. Picha imempendelea, kwa kweli ana rangi ya chokaa. Nikajua amekuja kukagua fremu yake kabla ya sherehe. Nikampa shikamoo kwa adabu zote. Hakuitikia. Nimezoea watu wenye majivuno.

Akaniuliza yule bibi wa mtaroni alikuwa anaitwa nani. Nikasema nimesahau. Akashangaa. Akasema yeye wa kwake anawajua wote, kitanda kwa kitanda, waliopona na wasiopona. Akanitajia majina, taratibu, bila kuvuta pumzi katikati. Yalikuwa arobaini na moja. Nilipoinama kuokota msumari na kuinuka, dukani hamna mtu, na kengele ya mlangoni haikulia. Nitaipaka mafuta.

Alhamisi, 6 Juni

Vioo vibovu! Kila fundi fremu anajua kazi ya mwisho: unakipumulia kioo, kinaingia ukungu, unafuta kwa kitambaa. Leo nimepumua, hamna ukungu. Nikapumua tena kwa nguvu zote, kama napuliza moto wa mkaa. Kioo kikavu, kinanitazama. Nimemtumia ujumbe mwenye duka la vioo kwamba safari hii kanipiga. Amejibu kwamba kwake vinaingia ukungu vizuri.

Mchana wamekuja wale wawili, mzimamoto na fundi bomba. Moshi na tope, kila mmoja na harufu ya kazi yake. Wapole sana. Nimewaza kuwa tukishakuwa marafiki, kinyozi atapasuka kwa wivu.

Fundi bomba akasimulia jinsi wenzake walivyotangulia kupanda ngazi, yeye akawa wa mwisho. Nikangoja amalizie. Akasema ndiyo mwisho. Mzimamoto akaniuliza kama maji ya mtaro yalikuwa ya baridi. Nikasema mno. Akauliza yalinifika wapi. Nikasema shingoni. Wakatazamana, wakanionea huruma, nami nikaanza kumwonea huruma yule bibi, na hata nikalengwa na machozi.

Walipoaga, fundi bomba akanieleza utaratibu. Jumamosi kila jina likisomwa, mwenye jina atainuka na kutoka kwa mlango wa nyuma. Wao watanisubiri hapo nje, tuondoke pamoja. Nikauliza kama huko kuna viti vya wageni rasmi. Akasema nafasi yangu ipo tayari, mradi jina lisomwe.

Wamenipa mikono. Ya kwao baridi, na tangu hapo ya kwangu pia.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeenda kwa kinyozi ninyolewe kwa ajili ya kesho. Nimekaa kwenye kiti robo saa nzima, naye anafagia kunizunguka. Nikakohoa. Akaruka kama aliyekanyaga nyoka, akasema hakuniona nikiingia. Akanipapasa kidevu na kusema hakuna cha kunyoa, ndevu hazijaota. Kweli, tangu Jumanne. Afadhali, zilikuwa zinanisumbua.

Nyumbani mke wangu kaniita mara tatu nami niko mezani mbele yake. Aliponiona, akanishika paji la uso, akasema nina baridi kama sakafu. Akanisihi twende zahanati. Zahanati, na kesho ndiyo siku yangu! Nikamwambia aache uchuro.

Jioni kanifuata dukani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kaiona fremu ya nne. Picha ile aliipiga mwenyewe, mwaka tuliooana. Akagusa utepe mweusi kwa kidole, akaniuliza nimefanya nini. Nikamweleza kwamba nimetangulia. Akaniuliza nimetangulia wapi. Nikasema mbele, kwa ujasiri na wema, na kwamba akimwambia mtu nitakasirika. Alilia bila sauti, kama kawaida yake, akarudi nyumbani. Nilijua furaha itamzidi.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nikiwa na hasira.

Ukumbi ulijaa. Mbele palikuwa na viti vinne vyenye utepe, na fremu zangu nne juu ya meza. Nikaenda kukaa kwenye kiti cha nne. Hakuna aliyenizuia, hakuna aliyenitazama hata. Wenzangu wakaja wakakaa, nesi akanisogezea kiti changu karibu zaidi na chake. Kwa mara ya kwanza nilipatwa na woga. Labda ni kwa kuwa ukumbi ule naujua tangu ujengwe. Mlango wa nyuma haujawahi kuwepo. Leo upo, umefunguliwa, na ng'ambo yake hakuna uwanja wala ukuta, weusi tu.

Katibu akaomba dakika moja ya ukimya. Watu wazima wanalia. Lililosomwa kwanza ni jina la nesi, na kutoka nyuma mwanamke mmoja akasema kwa sauti kwamba bila nesi huyu asingekuwa na mama. Nesi akainuka, akatoka. Akaitwa mzimamoto. Mzee wake alikuwepo, kwenye kiti cha magurudumu, kavua kofia. Akaitwa fundi bomba. Vibarua wawili wakasimama bega kwa bega.

Katibu akashika karatasi ya nne. Miguu yangu ikainuka yenyewe, mimi sikuiambia. Wale watatu walikuwa mlangoni wananingoja.

Ndipo sauti ikatoka nyuma. Mke wangu! Amepanda juu ya benchi, kanga imemdondoka, na mtaa mzima umemgeukia. Akasema, "Huyo ni mume wangu. Hajafa. Na hajamwokoa mtu yeyote, amewadanganya. Msilisome hilo jina." Watu wakacheka. Mmoja akamzomea. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, akataja duka langu, akataja uongo wangu mmoja baada ya mwingine, akasema jina hilo halisomwi mpaka wapite juu ya mwili wake.

Katibu akakunja karatasi.

Nikapiga chafya. Kubwa, ya kuumiza mbavu, na joto likanirudi kama nimemwagiwa uji. Watu walio karibu wakapiga kelele wakiuliza nimetokea wapi. Nilipotazama nyuma, ukuta mtupu, umepakwa rangi. Wageni wangu wameondoka bila hata kuniaga.

Aibu niliyopata leo haina kipimo. Mke wangu kaja kunikumbatia mbele za watu, na mimi nikamuuliza kama ameridhika sasa.

Jumapili, 9 Juni

Nimeenda kwa katibu kudai haki yangu. Amesema eti orodha ile ilikuwa ya marehemu. Visingizio! Kwani kuwa hai ni kosa? Tangazo halina neno marehemu hata mahali pamoja. Mimi nasoma kilichoandikwa.

Mtaa mzima unamsifu mke wangu. Mtu aliyekuwa hawezi kuomba chumvi kwa jirani, wanasema, kasimama mbele ya ukumbi akabeba aibu ya mumewe. Hata kinyozi amekuja kumpa mkono. Mwanzo niliona wivu. Kisha nikatulia nikawaza, maana mimi si mtu wa kinyongo. Wanasema kweli. Amenitangulia. Ametutangulia sote, na mume wa shujaa naye hukaa mbele.

Kwenye kibao cha shaba umebaki mstari mmoja mtupu, na sanduku halijaondolewa. Tatizo langu lilikuwa moja tu: tendo lenyewe halikuwepo. La kwake lipo, na mashahidi ni ukumbi mzima. Nimejaza fomu kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, nimeambatisha picha yake, nimeitumbukiza kabla ya chakula cha mchana.

Nimemwambia nimemwandalia zawadi kubwa, ila haitaki haraka. Ameuliza ni nini. Nimekataa kusema. Amecheka, na sasa hivi yuko jikoni anaimba.