Hitilafu ya Jumapili Iliyotokea Ijumaa

Ijumaa, 5 Septemba

Siku tukufu! Nimeuzima mfumo baada ya chakula cha mchana, nikaufufua kabla ya jioni. Ofisi nzima imenipigia makofi. Madam Njambi, mwenye kampuni, ameniita nguzo. Nguzo! Mbele ya Mungai!

Nieleze, nisije nikasahau nilivyo mwerevu. Sisi ni madobi. Tunafua nguo za watu wa Nairobi: mjini, mtaa wa Karen na mtaa wa Satellite. Kila shati huandikwa kwenye kompyuta, nami Kitheka ndiye mlinzi wa mfumo huo. Ukienda vizuri, hakuna anayenikumbuka. Ukifa, kila mtu anaita jina langu. Basi Ijumaa nauzima kidogo. Amri moja tu kutoka mezani kwangu. Kisha natokwa jasho, nakunja mikono ya shati, nauwasha.

Hasara ya leo: mchungaji mmoja wa Karen amepewa gauni la bibi harusi. Si neno. Gauni lilikuwa safi.

Doa moja. Mungai, mwenzangu wa kompyuta, mtu wa tai fupi na digrii ndefu, amesema mfumo unaokufa kila Ijumaa hauumwi, una mtu. Ati tununue programu ya kuchunga mifumo. Inakusanya kumbukumbu za kila mashine, inaonyesha nani alifanya nini na saa ngapi. Madam ameipenda.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeagizwa niandike mahitaji ya hiyo programu: mashine gani, nguvu kiasi gani. Mimi, kwa sababu ni nguzo. Mpango ukaja wenyewe: nitaandika makubwa mpaka Madam akate tamaa. Watengenezaji wanasema memori ya giga kumi na sita yatosha. Nimeandika sitini na nne. Diski, mara nne ya wanayotaka. Nikaongeza chumba maalumu, kiyoyozi, zulia, na kiti cha kuzunguka kwa mtu wa kukaa nayo.

Mungai akadai zulia halimo kwenye maelezo. Nikamjibu kwamba seva nayo husikia baridi.

Madam akasoma polepole. Nikasubiri mguno. Akavua miwani. "Kitheka, katika ofisi hii ni wewe peke yako unayeniwazia makubwa."

Amekubali yote! Isipokuwa kiti.

Jumanne, 9 Septemba

Sijakata tamaa. Nimetumwa nikanunue seva, nami nimekwenda River Road kwa Kilonzo, mtu wa kwetu, muuza kompyuta kuukuu. Nikamwomba mashine dhaifu kuliko zote dukani, yenye stika ya mashine kali kuliko zote. Hakushtuka hata kidogo. Aliuliza tu kama ni zawadi ya shemeji.

Jumatano, 10 Septemba

Ushindi wa asubuhi! Programu hukagua mashine kwanza kabla ya kukubali kuingia. Imekagua, ikakuta giga nne, ikagoma. Maandishi mekundu: memori haitoshi. Nilitaka kucheza. Nikamwendea Madam kwa uso wa msiba, nikamwambia tukubali tu, teknolojia hii bado haijatufaa.

Mchana akaenda kwake Karen, akarudi na kompyuta ya mwanawe Jackton, ile ya michezo, yenye taa za zambarau. Inazidi mahitaji yote, hata yale niliyoyatunga! Jackton mwenyewe, jitu lenye ndevu, ameifuata mpaka mjini akilalamika.

Programu imeingia kama mwizi penye mlango wazi. Imewekewa skrini kubwa mapokezi, kila mtu aione. Kiyoyozi kinavuma kwenye chumba chake. Mimi siruhusiwi kuingia. Ati natia vumbi.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo nimesoma maelezo mpaka mwisho. Mara ya kwanza maishani. Na nimezawadiwa! Imeandikwa kwamba saa za mashine zote lazima zilingane, la sivyo kumbukumbu zitavurugika. Ahaa! Nikirudisha saa ya mfumo leo hadi Jumamosi iliyopita, kesho kwake itakuwa Jumapili, na kifo kitaandikwa Jumapili. Jumapili ofisi imefungwa, nami nilikuwa kanisani Satellite, naimba besi mbele ya waumini wote. Shahidi wangu ni Mungu!

Ningeweza kutouzima kesho. Nimelifikiria hilo. Lakini Madam analeta wageni wa hoteli wanaotaka tuwafulie mashuka, na sijawahi kupigiwa makofi na watu wa hoteli.

Mungai alipotoka kununua smoki, soseji zake za barabarani, nikabadilisha saa. Chap chap.

Ijumaa, 12 Septemba

Ole wangu.

Wageni wamekuja, suti tupu. Nikatoa amri yangu. Skrini ikawaka nyekundu. Tukasoma sote pamoja: mfumo umezimwa Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Kesho kutwa!

Mshale. Jana, kwenye tarehe, nilibonyeza wa juu badala ya wa chini.

Madam akashika kifua. "Kumbe inaona na mbele?" Akauliza kama inaweza kuangalia mvua ya Oktoba. Mgeni mmoja akataka kujua matokeo ya mpira. Nikaona mlango wa kutokea, nikasema naam, hizi za kisasa hutabiri.

Mungai akakohoa. "Madam, huu si unabii. Kuna mtu amegusa saa."

Akabonyeza mara moja. Ikatokea mistari miwili: saa imebadilishwa, mfumo umezimwa. Yote kutoka kompyuta moja, jina lake Simba-wa-Riruta.

Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Jina niliitia mwenyewe, kwa mtaa ninaokaa. Na nyuma nilibandika picha ya simba.

Madam hakunifokea. Alisema taratibu, "Na mimi nilikuita nguzo, Kitheka." Afadhali angenirushia kiatu. Sikuweza kumtazama. Nikatazama mashuka ya mfano waliyoleta wageni.

Lakini wageni wametia sahihi! Wamesema kampuni inayomnasa mtu wake haraka hivyo wanaweza kuiamini. Kwa hiyo biashara hii nimeileta mimi. Hakuna aliyenishukuru.

Jumatatu, 15 Septemba

Sikufukuzwa. Madam amesema mashuka ya hoteli ni mengi na mikono ni mikono. Nimepelekwa tawi la Satellite, kupiga pasi. Msimamizi ni Mwongeli, mwanamke asiyecheka. Nikamweleza kwamba mimi ni mtaalamu wa mifumo. Akanionyesha rundo la foronya.

Mungai, nasikia, ameomba kiti cha kuzunguka. Amepewa!

Alhamisi, 18 Septemba

Leo pasi zote zimepoa ghafla. Zinategemea tangi moja la mvuke lililo nyuma, na hakuna anayelijua. Mwongeli akakimbia huku na huku akimwita Bwana. Wateja wakaanza kununa. Mimi nikazunguka nyuma, nikaona koki ndogo imelegea, nikaikaza. Mvuke! Makofi! Mwongeli akacheka, kwa mara ya kwanza, akaniita fundi mbele ya wateja.

Nimerudi kuitazama ile koki jioni, wengine wakifunga duka. Ni laini. Inageuka pande zote mbili. Na haiandiki jina la mtu popote.