Mkaguzi wa Miaka ya Kepteni

Asali alikuwa kwa dobi, akisubiri suti isiyo yake, ndipo masikio yake yaliponasa ugomvi. Dobi na mkewe walikuwa hawasemeshani tangu juzi, na chanzo kilikuwa tamthilia ya vyombo vya anga.

"Kwenye ile ya zamani," dobi alilalamika huku pasi ikifuka moshi, "kepteni anakatwa mkono vitani, mtu mzima mwenye ndevu. Sasa wametoa hii mpya ya utoto wake. Ana miaka saba, na mkono wa chuma tayari anao! Inakuwaje?"

"Mwambie huyo aache kuunguza shati la watu," mkewe akamwambia Asali. "Mashabiki wenzake wako nje ya studio na mabango. Aende."

Asali aliitwa hivyo kwa utamu wa ulimi wake; aliwahi kumkodishia mlinzi wa benki lindo lake mwenyewe. Hakusubiri hata suti ipoe.

Saa nne asubuhi alikuwa ofisini kwa mtayarishaji, kalenda kubwa kwapani.

"Mkaguzi wa Nyakati," alijitambulisha. "Daraja la kwanza."

Mtayarishaji, bwana bahili aliyekataa katakata kurekodi upya hata onyesho moja, nusura amkumbatie. "Huo mkono wa kepteni, Mkaguzi?"

"Ulikatika mara mbili."

"Mara mbili?"

"Ulikatika, ukaota, ukakatika tena. Sayari ile ina rutuba sana."

"Na mjomba wake, aliyehudhuria mazishi yake mwenyewe?"

"Alikwenda kuwakilisha ukoo."

Mtayarishaji alipiga meza kwa furaha. Pembeni, shangazi yake, mama wa makamo aliyetunza miswada ya tamthilia hiyo miaka ishirini, alivua miwani akamtazama mgeni kwa huruma kubwa.

"Mwanangu, majibu kama haya yasitupotee. Tia saini hapa. Na hapa. Geuza uso nikupige picha ya kumbukumbu."

Karatasi zilikuwa kumi na moja. Asali, aliyejipatia riziki maisha yake yote kwa watu wasiosoma wanachosaini, hakusoma hata mstari. Macho yake yalikuwa kwenye bahasha nono iliyokaa mbele ya shangazi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaaga kwa heshima zote.

Kwenye ngazi aliipasua. Barua tupu! Barua za mashabiki, kila moja na swali lake.

Alitukana kimoyomoyo, akatoka getini. Picha yake, mbichi kabisa, ilikuwa imeshabandikwa ukutani: MASWALI YOTE YA MIAKA, MUULIZENI HUYU. Umati ukageuka kwa pamoja.

"Ndiye!"

Alirudi ndani akiwa na kiatu kimoja. Juu, shangazi alikuwa amemvutia kiti karibu na simu na kumwekea kikombe cha chai.

"Mama, nini hiki?"

"Ajira, mwanangu. Umesaini miaka saba. Hizo simu nimezijibu mimi peke yangu hadi sikio hili likafa ganzi." Alichukua mkoba wake, akajitazama kwenye kioo, akanyoosha ushungi. "Hakuna aliyekubali kunipokea zamu, mpaka leo."

Akashuka ngazi akiimba.

Simu ikalia. Asali aliitazama, akatazama dirishani, umati ukimsubiri chini, akainua.

"Mkaguzi?" sauti kavu iliuliza. "Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Nina maswali mia nne na moja. Umekaa vizuri?"