Ombi la Kufutwa Katika Ukoo ili Nami Nilipwe Kama Mgeni

Kwa Mwenyekiti wa Baraza la Wazee,
Kijiji cha Ak-Jar, Kochkor,
ambaye pia ni Baba yangu Mkubwa, Mzee Duishenkul.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, Mama Mkubwa Burul, na yule farasi jike aliyekuwa anakohoa. Mimi sijambo, kwa kadiri msanii anavyoweza kuwa hajambo.

Ujumbe wako nimeupata kupitia kwa mwanao, Kaka Talantbek. Alinipigia simu akiwa dukani kwake, huku anabishana na mteja kuhusu matairi ya lori. Alisema Jumamosi ni sherehe ya tohara ya mwanawe Adylet, na kwamba wewe babu mtu umeagiza nije "na hicho kigitaa chake, apige kidogo tu, watu wachangamke." Kisha akaongeza la kwake: "Rys, mdogo wangu, ukichoka na hizo nyuzi, dukani kuna nafasi. Ila Jumatatu nataka jibu, nisije nikampa mtu mwingine."

Komuz, chombo cha nyuzi tatu cha mababu zetu, si kigitaa, Mheshimiwa. Lakini hilo tuliache. Jambo lililonifanya nishike kalamu ni kwamba nina hadi Jumatatu kuamua kama mimi ni mwanamuziki au ni mtu wa kujaza matairi upepo. Na kabla sijaamua, naomba malalamiko yangu yafike mbele ya Baraza lako kwa utaratibu. Ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu baba saba. Mimi ni msanii wa kujitegemea. Maana yake sina kampuni, sina meneja, sina mshahara. Nina viazi anavyonitumia Mama Mkubwa. Kazi yangu inategemea simu, na simu zinapigwa, siwezi kukataa. Lakini kila anayepiga, kabla hatujafika kwenye malipo, anauliza: "Kwani wewe ni wa nani?" Nami kwa kuwa ulinifundisha, tena kwa fimbo, kuwataja baba zangu saba, baba na babu hadi kizazi cha saba, bila kumeza mate, nawataja. Nikifika kwa baba wa tano nasikia kelele upande wa pili: "Ala! Kumbe wewe ni wetu!" Hapo biashara imekufa. Aliye wetu halipwi, anapewa chai.

Nilijaribu kuishia kwa baba wa nne, wakaniona sina adabu. Nikaenda mbali, Tokmok, kwenye harusi ya Wadungan, watu ambao hata ukichimba kisima hukuti babu tunayechangia. Nikapiga, wakafurahi, baba wa bi harusi akatia mkono mfukoni. Mkono ukiwa bado umo humo, mzee mmoja akanikazia macho: "Kijana, wewe ni wa Kochkor? Babu yangu alinunua farasi Kochkor. Farasi mzuri huyo! Alifia kwetu." Wakaanza kumkumbuka yule farasi mpaka wakatokwa na machozi. Mkono ukatoka mfukoni mtupu, ukanikumbatia.

2. Kuhusu kofia. Nikisema silipwi kabisa nitakuwa nawasingizia watu. Nalipwa heshima. Kila sherehe wananivika kalpak jipya, jeupe, la sufu safi, na joho juu yake, watu wote wanapiga makofi na mimi nainama kama waziri. Sasa kofia zimejaa chumbani kwangu hapa Bishkek hadi nalala nimekunja miguu. Na unajua mwenyewe kwamba kalpak haliuzwi, halitupwi, wala haliwekwi chini. Linakaa tu linanitazama.

Mwezi uliopita nilimpelekea mwenye nyumba wangu, Bi Valentina, kalpak moja kama sehemu ya kodi. Akaligeuzageuza, akasema, "Rysik, mwanangu, hii mimi nitaipika na nini?" Baadaye alipata matumizi. Amelifunikia buli. Naandika haya nikijua utashtuka, Baba Mkubwa, lakini ukweli ni kwamba chai inakaa moto hadi mchana. Katika miaka yangu yote ya sanaa, hiyo ndiyo faida ya kwanza iliyoonekana kwa macho.

3. Kuhusu nyama. Kondoo anapogawiwa, kila mfupa una mwenyewe: wazee wana wao, wakwe wana wao, hata mtoto mtukutu ana sikio lake. Mwanamuziki hana mfupa. Wageni wananiona mtumishi, watumishi wananiona mgeni, na sahani inapopita mikono yangu yote miwili iko kwenye nyuzi. Nikimaliza kupiga, nyama imeshaingia kwenye mifuko ya plastiki ya akina mama, inaelekea nyumbani. Mama Mkubwa aliwahi kuniwekea fungu langu kwenye mfuko wake, "lisipotee." Halikupotea. Lililiwa Kochkor, mimi nikiwa Bishkek.

4. Kuhusu wapenzi wa muziki wangu. Nilihudhuria mafunzo ya siku mbili ya namna ya kuishi kwa sanaa. Mwalimu, binti mmoja nadhifu sana, alitufundisha kwamba msanii huru hahitaji umati. Anahitaji watu wachache wanaompenda kwa dhati, nao wamchangie kidogo kidogo kila mwezi. Nikachukua karatasi nikaandika majina ya wanaonipenda kwa dhati. Wote walikuwa kwenye ule mti wa ukoo uliouchora kwa rangi ya bluu kwenye ukuta wa sebule yako.

Sikukata tamaa. Nilirekodi kibao kwa video, nikakituma kwenye kundi la ukoo kwenye simu, nikaeleza kwa unyenyekevu jinsi ya kuchangia. Majibu yakamiminika kuliko nilivyotarajia. "Mbona umekonda, mwanangu?" "Hilo pazia nyuma yako nani kashona?" "Unaoa lini?" "Ryskeldi, mwambie mama yako ule ungo wangu aurudishe." Kuhusu kibao, ni mtu mmoja tu aliyesema neno. Alisema simu yake haina sauti.

5. Kuhusu wasio ndugu. Utasema, basi nenda kwa watu baki. Nilikwenda. Mwenye mgahawa mmoja hapa mjini, mtu ambaye hakuniuliza hata baba mmoja, alikubali nipige jioni wateja wakila. Nikampigia kibao changu kipya, kile ambacho bado hakina jina na ambacho sijamweleza mtu yeyote kinahusu nini. Akasikiliza huku anafuta glasi. Kisha akasema, "Vidole vyako vizuri, kijana, lakini mdundo unachechemea. Watu wangu wanakula, watapaliwa. Unyooshe." Nilijaribu kuunyoosha, Mheshimiwa. Nilikaa nao chumbani, mimi na kofia zangu, nikaunyoosha hadi ukawa sawasawa, na ulipokuwa sawasawa haukuwa tena kitu chochote. Nikauacha uchechemee, na mgahawani sikurudi.

6. Kuhusu macho. Hili ndilo lililonivunja moyo, na mshtakiwa ni wewe. Majira ya kuchipua, nilipokuja nyumbani, nilikuwa na mpango ambao hata yule binti wa mafunzo angeusifia. Bibi arusi anapofunuliwa shela, mtoto mchanga anapotolewa nje, kila anayemwona mara ya kwanza hutoa koruunduk, zawadi ya kuona. Hakuna Mkirgizi anayethubutu kukwepa. Nikajiuliza, wimbo mpya, kile kibao changu kisicho na jina, si ni mtoto mchanga? Nikabandika tangazo kwenye mlango wa ukumbi wa kijiji: kibao kipya, hakijawahi kupigwa hapa, koruunduk itolewe mlangoni.

Mlijaa. Ulisimama, Mheshimiwa, ukarekebisha kalpak lako, ukasema maneno haya ambayo nayakumbuka yote: "Jamani, koruunduk ni ya kuona. Wimbo hauonekani. Lakini tusigombane na mtoto wetu bure. Fumbeni macho, ili asije akasema tumeona kitu." Na ukumbi mzima ukafumba macho! Mama Mkubwa alivuta na kilemba kabisa. Wewe ulikaa mstari wa mbele, ukafumba kabla ya wote.

Nimewahi kupiga mbele ya walevi, na mara moja mbele ya kondoo. Sijawahi kupiga mbele ya vipofu wa hiari. Tena mwandishi mmoja wa gazeti la wilaya alipiga picha, akaandika kwamba wanakijiji walizama katika hisia. Nilipomaliza wote walifumbua wakapiga makofi, isipokuwa wewe. Wewe uliendelea kufumba hadi watu wakaanza kutoka. Nikajua umelala.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, baada ya kutafakari kwa utulivu, nimeona kwamba kipaji changu hakina kasoro yoyote. Kasoro yangu ni undugu. Mgeni akija Ak-Jar anapewa nafasi ya juu mezani, anapewa kichwa cha kondoo, anasikilizwa macho yakiwa wazi, na akiondoka analipwa na kufungiwa masurufu ya safari. Mimi nina kila sifa ya mgeni: naishi mbali, nakuja mara chache, na hakuna anayenielewa. Kinachonizuia ni ile rangi ya bluu ukutani kwako.

Naliomba Baraza lifute jina langu kwenye ule mti wa ukoo uliouchora sebuleni, hapo chini ya jina la marehemu baba, Sabyr. Sihitaji tangazo. Chokaa kidogo inatosha. Kuanzia hapo mtanijua kama jirani wa zamani, mtanipigia simu kwa adabu, tutapatana bei, na Jumamosi nitapiga kwa mkataba.

Baraza likikataa, Jumatatu nakwenda kwa Kaka Talantbek. Na nikwambie kitu, Baba Mkubwa, siyo kwamba namwonea wivu, namwonea wivu sana. Mlimpa jina lenye maana ya kipaji, naye akauza matairi, na ukoo mzima unayanunua kwa bei kamili. Hakuna aliyewahi kumwambia, "Talantbek, wewe ni wetu, tupe tairi moja tu, la mwisho, ndipo tukalale." Mimi naambiwa hivyo kila wiki. Nimechoka. Nikisema nimechoka sifanyi mzaha, hata kama ndiyo sentensi pekee humu ambayo si mzaha.

Nisalimie Mama Mkubwa, mwambie viazi vilifika, na vichache vilikuwa vimechipua, tumevipanda kwenye ndoo ya Bi Valentina. Nisalimie mama yangu, na ungo urudishwe. Nisalimie Adylet, mwambie haiumi, nami nilidanganywa hivyohivyo. Wasalimie wazee wote wa Baraza, walioamka na waliolala.

Nabaki, kwa heshima na kwa muda hadi jina lifutwe,

Ryskeldi, mwana wa Sabyr,
Msanii wa Kujitegemea.

Tanbihi. Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha Mama Mkubwa aliponipigia. Alitaka kujua kama kwenye sherehe nitataka viazi vingine. Nikamwambia huenda Jumamosi nisije, na kwamba sioni sababu ya kumpigia mtu anayelala. Naye akasema, "Nani kalala? Siku ile baba yako mkubwa huyo alirudi nyumbani hakugusa chai. Alikaa kitandani na viatu vyake. Nikamwuliza una nini, akasema, 'Burul, yule alikuwa kijivu wa Sabyr. Mguu wa nyuma wa kushoto. Mtoto kamleta mpaka mlangoni.' Na tangu hapo akienda kumlisha farasi anauimba puani huo wimbo, anadhani mimi kiziwi."

Baba Mkubwa, sikumwambia mtu. Hata mama sikumwambia. Ni kweli ni yule farasi wa baba, jinsi alivyokuwa akirudi anachechemea, nasi watoto tukijua kwa mlio wa kwato kwamba ni baba na si mtu mwingine. Mwenye mgahawa alisikia kosa. Wewe ulisikia mguu, tena ukajua ni upi.

Kwa hiyo ombi langu nalifuta. Kaka Talantbek nimeshampigia, nimemwambia nafasi ampe mtu mwingine. Amesema sawa, ila nije Jumamosi mapema kuwahi kubeba benchi. Nitakuja. Nitapiga bure, hata na wimbo wa mwisho baada ya wimbo wa mwisho.

Limebaki jambo moja la kisheria. Ulitangaza mwenyewe mbele ya kijiji kizima kwamba koruunduk ni ya kuona. Ukafumba macho ili usione. Na ukaona. Basi unadaiwa, Mheshimiwa, na kofia sitaki. Liache jina langu hapo lilipo, chini ya la baba.