Volti Kumi na Saba Gizani

Jumamosi, 2 Desemba. Nyuzi 14 chini ya sifuri.

Nimepata! Nimepata kabisa! Leo mchana (ikiwa weusi huu wa buluu unaweza kuitwa mchana) posta wameleta boksi langu. Paneli ya sola, wati mia moja, nusu bei! Helka aliuliza ni nani anayenunua sola mwezi wa Desemba hapa Ivalo, kaskazini kabisa mwa Ufini. Nikamjibu kwamba mwenye akili hununua mwavuli wakati wa kiangazi. Mke wangu akageuka. Akarudi kukaa mbele ya taa yake.

Niandike kwa utaratibu, maana shajara hii huenda siku moja ikasomwa na wengine. Gari-nyumba letu lina betri mbili nyuma, za kuendeshea taa, pampu ya maji na friji tukiwa safarini. Betri ni kama ng'ombe: hata asiyekamuliwa hula. Ukiiacha majira yote ya baridi bila kuilisha, inajimaliza yenyewe polepole. Ikiisha, kimiminika cha ndani kinaganda. Kikiganda, inapasuka. Lakini betri iliyojaa haigandi hata kwenye baridi ya kumliza dubu. Mambo haya nimeyafundisha shuleni miaka thelathini na minne, fizikia na jiografia.

Betri zetu zimeganda miaka miwili mfululizo.

Ndiyo maana Helka ametoa neno. Zikifa na mwaka huu, gari anauziwa Armas. Armas Kyrö, jirani wa mkono wa kushoto, dereva mstaafu wa gari la kusukuma theluji, mtu aliyelimezea mate gari letu tangu siku tuliyolinunua. Siku ya hukumu ni 10 Januari, jua litakapochungulia tena baada ya wiki tano za kujificha. Tutakunywa kahawa uani, Helka ataingia garini, atabonyeza swichi. Taa zikiwaka, gari letu. Zisipowaka, la Armas.

Armas alikuja jioni kuoga mvuke kwenye sauna yetu, kama kila Jumamosi. Ushauri ule ule wa kila mwaka: toa betri, anza na waya wa hasi, zishushe kwenye stoo ya viazi chini ya ardhi, kuna ubaridi wa kiasi na hakugandi, zichaji mara moja kwa mwezi, basi. Nikamwambia kila betri ni kilo ishirini na sita na mgongo wangu ni wa miaka sabini na moja. Akasema atanibebea. Anibebee! Halafu asimulie mtaa mzima! Nikamwagia mawe ya moto ndoo nzima ya maji mpaka mvuke ukamshusha benchi la juu.

Jumatano, 6 Desemba. Nyuzi 19 chini. Siku ya Uhuru.

Paneli iko juu ya paa la gari tangu Jumapili. Mita inasoma sifuri kasoro aibu. Nilisahau jambo moja dogo. Jua.

Mimi! Niliyewachorea watoto wa Ivalo mhimili wa dunia ubaoni hadi chaki zikaisha! Nilikuwa nimeutegemea ule mwanga wa adhuhuri, ule wa buluu. Ni mzuri kwa kupiga picha. Armas aliegemea uzio akauliza, "Mwalimu, hicho ni cha kutelezea mlimani? Wajukuu wangu wanakitaka." Nikaingia ndani.

Saa kumi na mbili jioni tukawasha mishumaa miwili dirishani, kama kila nyumba siku ya leo. Nikaitazama. Nikamtazama Helka mbele ya taa yake ya mwanga mkali, ile aliyoandikiwa na daktari, nusu saa kila asubuhi wakati wa giza, maana akiikosa hununa hadi Pasaka. Akili ikanifunguka kama mlango wa sauna. Jua tunalo! Tunalo mezani, karibu na bakuli la sukari!

Jumatatu, 11 Desemba. Nyuzi 23 chini.

Inafanya kazi! Paneli nimeishusha, imelala barazani. Taa ya Helka inaitazama uso kwa uso. Waya mrefu umetoka kwenye soketi ya jikoni hadi kwenye taa. Waya mwingine umetoka kwenye paneli, umepita theluji, umeingia kwenye sanduku la betri. Mita nimeibana kwenye ncha za paneli, ili niweze kusoma nikiwa nimevaa ndara.

Armas alikuja kutazama. Aliufuata mtambo kwa kidole: soketi, waya, taa, paneli, waya, betri. Akarudi mwanzo, akaufuata tena. Kisha akauliza kwa nini nisitoe taa na paneli, nichomeke chaja kwenye waya huo huo.

Nilimweleza kwa subira, kama nilivyowaeleza watoto wa darasa la saba. Chaja yangu ni ya zamani, haijizimi yenyewe, asiyeilinda huchemsha betri hadi maji yake yakauke. Isitoshe, huo ungekuwa umeme wa kawaida. Huu ni umeme wa jua.

Armas akauliza jua gani.

Volti 12.5. Juzi zilikuwa 12.6. Betri inajipanga.

Alhamisi, 14 Desemba. Nyuzi 27 chini.

Volti 12.3. Sina wasiwasi. Mrukaji hurudi nyuma hatua mbili kabla ya kuruka. Nimeizungushia taa karatasi ya alumini, ile iliyowekwa kwa ajili ya paja la nguruwe la Krismasi, ili mwanga usipotee. Helka alitaka taa yake. Nilimpendekezea njia ya haki: akae barazani kando ya paneli, wagawane. Alikaa dakika nne, kofia ya manyoya kichwani, kikombe cha kahawa mkononi, nyusi zikifanya barafu. Kisha alisema neno ambalo sitaliandika, akachukua taa.

Baada ya nusu saa akairudisha. Hakuibamiza sana.

Armas amepiga simu. Eti taa ile inaipa betri matone, na ikizimwa paneli inanyonya ndoo. Eti redioni wametangaza nyuzi 36 chini kufikia katikati ya wiki, na betri ya 12.2 haitaiona Krismasi. Nimemshukuru kwa taarifa.

Jumapili, 17 Desemba. Nyuzi 31 chini.

Asubuhi: 12.2. Niliigonga mita kwa kidole, nikasoma tena. Nilifikiria bonde lile la Norwei tuliloegesha mwezi Juni, Helka akicheka mlangoni miguu peku, na jinsi Armas atakavyokaa kwenye kiti changu, arekebishe na kioo. Sikuweza kumaliza andazi langu la iliki.

Mchana Helka alinipikia mchuzi mzito wa kulungu na viazi, akaniongeza sahani ya pili bila kuombwa. Nililala saa mbili nzima. Usingizini nilisikia kama sleji, kile kitelezi cha kubebea mizigo thelujini, inakokotwa uani, na sauti ya Armas ikisema, "Pole pole, mama, usije ukaumia mgongo." Nadhani alikuwa anamsaidia Helka kuleta mti wa Krismasi.

Niliamka. Nilivaa ndara. Nilisoma mita.

17.4!

Kumi na saba nukta nne! Nilipiga kelele mpaka kunguru akaruka! Betri ya volti kumi na mbili, na ndani yake volti kumi na saba! Hakuna kitabu kinachotaja jambo hili! Nilikimbia kumweleza Helka. Alikuwa ananawa mikono, mashavu mekundu, akasema vizuri sana, mzee wangu, endelea.

Jumanne, 26 Desemba. Nyuzi 36 zimekuja, zimepita!

17.4 kila siku! Na si hivyo tu. Asubuhi Helka anapochukua taa, mita inaanguka sifuri. Akiirudisha, kufumba na kufumbua, 17.4! Betri inayojaa kwa sekunde moja! Armas alipita na keki ya plamu, nikamwambia, chembe ikampalia. Helka akampiga mgongoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikamwuliza jirani kama anakubali kushindwa. Akafuta machozi, akasema, "Mwalimu, mimi mikono juu."

Nimewaalika wanachama wote tisa wa klabu yetu ya magari-nyumba kwa ajili ya tarehe 10. Elimu haifichwi.

Jumatano, 10 Januari. Nyuzi 22 chini.

Nitaandika yote.

Asubuhi nilijifungia saunani kufanya mazoezi ya hotuba. Saa sita tulikuwa wote uani na vikombe. Jua lilichungulia juu ya kilima, jekundu, jembamba kama ukucha. Watu walivua kofia. Nikaanza hotuba. Ilikuwa ya dakika kumi na nne. Jua liliondoka kwenye dakika ya tisa.

Helka akaingia garini. Nikasogea mlangoni. Akabonyeza.

Taa zikawaka! Zote! Pampu ikavuma, friji ikanguruma! Watu wakapiga makofi kwa glavu, na mimi, ili kuukamilisha ushindi, nikafungua sanduku la betri wote waone.

Betri zilikuwapo. Safi, vichwa vimepakwa grisi. Kwenye kila moja karatasi, mwandiko wa Helka: "Imeshushwa stoo ya viazi 17/12. Imechajiwa 17/12 na 7/1. Volti 12.7. Imerudishwa leo." Waya wa paneli yangu ulikuwa pembeni, haujaunganishwa na kitu chochote duniani, umefungwa kwa utepe mwekundu wa Krismasi. Mita ilikuwa imepima paneli tupu siku zote hizo.

Vikombe vikashuka. Mtu wa klabu akakohoa. Armas akasema, "Mwalimu, zimeota jua huko huko chini ya viazi," na uani kote kukawa kicheko.

Helka alinishika mkono wa koti. Akasema anataka kulala Norwei tena mwezi Juni, na hakuwa tayari kuliuza bonde lile kwa sababu ya kiburi cha mzee mmoja. Kilo ishirini na sita mara mbili. Kwa sleji. Ana miaka sitini na tisa.

Wageni walipoondoka nilimwendea Armas kwenye uzio. Nilimwambia kwamba angenyamaza tu, gari lingekuwa lake. Akasema ndiyo, alilijua hilo. Akakwangua barafu kwenye uzio kwa kidole gumba. Akasema mwenye gari-nyumba huondoka, na gari likiwa lake, Jumamosi angebishana na nani saunani?

Kwa hilo amenishinda. Nimekiri hapa kwa wino.

Alhamisi, 11 Januari. Nyuzi 25 chini.

Nimetafakari tangu kifungua kinywa. Kwa utulivu, kama msomi.

Mita haidanganyi. Volti 17.4 zilikuwapo! Paneli ilitoa, taa iliangaza, mtambo ulifanya kazi barabara. Kilichokosekana ni betri tu za kupokea, na hizo ziliondolewa na watu wengine. Kosa halikuwa la kisayansi. Lilikuwa la uchukuzi.

Na tena! Kama stoo ya viazi inazifaa betri hivyo, basi dawa ni moja. Mwakani jua zima litashuka stoo! Paneli mbili ukutani, taa mbili juu ya viazi! Nimeagiza asubuhi hii. Nusu bei! Armas ameshakubali kubeba, ingawa hajui anabeba nini.

Helka bado sijamwambia. Boksi litafika Jumatatu. Nimewaomba posta wasipige kengele.